Fundo la Tatu

Shimo la nyuma ya nyumba yetu halikuwa na mdomo.
Lilikuwa kibonde tu, kina cha mtu aliyesimama,
majani yake mabichi kuliko shamba lolote la Bulengo,
na alfajiri, kabla jua halijapasha makoro,
panya walilala humo kiubavu, meno nje,
kama wageni waliochoka kungoja chakula.

Mama aliliita mazuku.
Alilitamka neno akitazama kwingine,
kama mtu anayepita mbele ya duka la mdai wake.
Usishuke. Usirushe jiwe. Usiulize.
Nami kila usiku, magoti kwenye mkeka,
nilimwomba Mungu aufunge
mdomo ambao shimo halikuwa nao.

Katembo, kaka yangu, hakuomba hivyo.
Alikuwa amebatizwa Jumapili ile ile, ziwani,
mhubiri amemshika kisogo,
amesema aliyezamishwa hapa hana tena cha kuogopa.
Jumanne mbuzi wa jirani alikata kamba, akashuka kula.
Katembo akamfuata huku akiimba.
Wimbo uliishia katikati ya neno.
Neno gani? Nimelitafuta miaka kumi na tisa.

Matangani walisema ni wivu wa shangazi,
ni deni la babu kule Lubero,
ni imani iliyopungua kipimo.
Kipimo gani? Alikuwa na miaka kumi na mmoja.
Tangu siku ile nilimwogopa Mungu na shimo kwa pamoja,
sikujua tena kutofautisha:
vyote viwili kimya, vyote viwili
havina harufu.

Kisha akaja Machozi, binti wa watu wa Masisi,
buti za mpira, daftari lililolowa, mafua.
Neno letu hakulicheka. Aliliandika.
Akaomba mshumaa; mama akatoa kipande
kilichobaki matangani, alichokuwa amekificha ndani ya sufuria
hata mimi nisikione.
Machozi akakiweka kwenye kopo la nyanya,
kopo kwenye kamba ya chukudu yenye mafundo,
akashusha taratibu, kama anayelaza mtoto.

Fundo la kwanza: unawaka.
La pili: ulimi umekonda, wa buluu.
La tatu ukazimika.
Hapakuwa na upepo. Hakuna aliyepuliza.
Moshi wake ulitaka kupanda, ukashindwa,
ukatandaa tambarare, kama maziwa ndani ya bakuli,
na kwa mara ya kwanza nikaona
pale kilipoanzia.

«Hewa nzito,» akasema, akipenga kamasi.
«Inatoka ardhini, usiku inajaa, jua likipanda inapungua.
Haina chuki. Haina masikio.»
Mama akauliza: basi tuache kusali?
Machozi akakaa juu ya jiwe muda mrefu.
Hilo hajui, akasema.
Yeye husali asubuhi. Lakini kamba haiachi nyumbani.

Usiku ule mlima ulikuwa mwekundu juu ya Goma,
nami nililala nimemkasirikia mama,
kisha, karibu na jogoo, hasira ikageuka:
alikuwa amejua.
Hofu yake ilikuwa imepima shimo lote,
upana, kina, hata saa zake,
ikakosa neno moja tu, *kwa sababu*,
na mtoto wa miaka kumi na mmoja
haachi mbuzi afe kwa amri isiyo na neno hilo.

Sasa nina ndoo ya chokaa. Nimepaka mawe pande zote.
Watoto wa Bulengo nawaita waje waone moto ukifa,
na bado, kila ninapoinama pale ukingoni,
goti langu la kushoto linatetemeka.
Naliacha litetemeke. Linajua kazi yake.

Mama haji karibu. Anakaa mlangoni,
ncha ya kamba imezungushwa mara mbili kwenye kiganja chake,
uso ameugeuzia ziwani.
Anasikiliza kopo likigonga mawe.
Kisha, bila kugeuka:
«Fundo la ngapi?»